Njia Kwanza, Viwanja Baadaye

Bismillahi Rahmani Rahim.

Wajukuu zangu, nanyi vijana wa mtaa wetu ambao si wa damu yangu lakini maembe ya shamba langu mmeyala bila kuniomba:

Naandika nikiwa na akili zangu timamu, kwa mkono wangu mwenyewe. Habari ya nyumba, ng'ombe na madeni nimekwisha kuizungumza na baba zenu mbele ya shekhe, na imeandikwa mahali pake. Humu nina jambo moja tu, ambalo wazee wengi huondoka nalo kimya kwa kudhani ni kazi ya serikali: njia ya kupita. Mtu aliyeshika mnyororo wa kupimia ardhi ujana wake wote, akawafuata wapima tangu Pugu hadi Bunju, msishangae akiaga kwa maneno ya barabara.

Ninyi mlipozaliwa mlikuta nyumba. Sisi huku juu, kutoka Mbezi kuelekea Goba na Madale, tulikuta mikorosho na miembe, na kati ya mji na mji ulikuwa unaita mara mbili ndipo jirani akusikie. Uchache wetu ndio uliotulewesha. Palipo na nafasi hakuna anayeuliza njia iko wapi, kwa sababu kila mahali panapitika. Siku mtu wa kwanza anapozungusha ukuta ndipo mnatambua kwamba njia mliyoizoea ilikuwa uungwana wa mwenye shamba, haikuwa haki yenu. Mwenye shamba akifa au akiuza, uungwana ule unazikwa naye au unauzwa pamoja na mikorosho.

Sasa nisikilizeni kwenye hesabu, maana hapo ndipo vijana wengi hudanganywa na wengine hujidanganya.

Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 843,090 mwaka 1978. Sensa ya 1988 ilikuta 1,360,850. Mwaka 2002 walikuwa karibu milioni 2.5, na mwaka 2012 wakafika 4,364,541. Kati ya sensa hizo mbili za mwisho mkoa ulikua kwa asilimia 5.6 kwa mwaka. Asilimia sita kasoro huonekana ndogo mpaka uijue hesabu ya haraka: gawanya 70 kwa asilimia ya ukuaji, utapata miaka ambayo watu watakuwa mara mbili. Sabini ukigawanya kwa 5.6 unapata kumi na mbili na nusu. Maana yake mtoto akizaliwa leo, hata darasa la saba hajamaliza, watu wamekwisha kuwa maradufu.

Basi aliyekaa na kalamu mwaka 2012 akauendeleza mwendo uleule, angesema kwamba mwaka 2022 Dar es Salaam itakuwa na watu karibu milioni 7.5. Sensa ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Ukuaji wa mwaka ulikuwa umeshuka hadi asilimia 2.1. Watu milioni mbili waliotegemewa hawakuonekana. Sehemu ya jibu iko ng'ambo ya mpaka. Mkoa wa Pwani, uliokuwa na watu 1,098,668 mwaka 2012, ulikutwa na 2,024,947 mwaka 2022. Wajenzi walikuwa wamevuka: Kibaha, Mkuranga, Kisarawe, Bagamoyo. Mtu anayetafuta kiwanja haoni mpaka wa mkoa. Anaona bei ya kiwanja na nauli ya daladala.

Kwa hiyo fahamuni kwamba makadirio hukosea mara mbili, kwenye wingi na kwenye mahali. Kuzaliwa na kufa hubadilika polepole, na mtaalamu anaweza kukisia bila aibu. Kinachomvuruga ni kuhama. Bei ikipanda Mbezi, watu wanasogea Kiluvya. Lami ikifika mahali palipokuwa pori, madalali wanafika kabla lami haijapoa. Pembezoni, ambako watu ni wachache, kosa huwa kubwa zaidi: katika mtaa wa watu laki moja wakiongezeka elfu tano ni kidogo, lakini katika kitongoji cha watu elfu moja, elfu tano haohao wanageuza kila kitu.

Akija mtaalamu mbele yenu na kusema mwaka fulani hapa mtakuwa wengi kiasi fulani, msimzomee, wala msimshike kama msahafu. Mwulizeni maswali mawili. Ukiwa umezidisha, sisi tunapoteza nini? Ukiwa umepunguza, tunapoteza nini? Majibu yake hayatalingana, na katika tofauti hiyo ndimo ulimo wosia wangu wote.

Kuacha njia ni jambo moja, kujenga barabara ni jambo jingine. Lami ni ghali, huchakaa hata kama haikupitwa, na ikiwekwa pasipo watu inaota majani pembeni na mashimo katikati. Lami isubiri watu. Ardhi ya kupitisha hiyo lami haisubiri mtu. Mkiacha ukanda wa mita kumi na mbili na watu wasije, mmepoteza nyasi ambazo mbuzi watazila. Msipouacha, na watu wakaja, mtaupata kwa kubomoa vyumba vya watu, na kila mita itakuwa na machozi na kesi yake.

Nataka mwone jinsi njia inavyopotea, kwa sababu haipotei kwa uadui. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Kiwanja kinachouzwa huku kwetu ni ishirini kwa ishirini, yaani mita za mraba 400. Dalali anapiga hesabu akiwa amesimama: ekari inatoa viwanja kumi. Inatoa kweli, na hakuna hata hatua moja inayobaki ya kupita. Palipokuwa na kaya moja panakuwa na kaya kumi, na njia ni ileile ya mwenye shamba aliyekuwa akienda kisimani. Shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, linashauri angalau asilimia 30 ya ardhi ya mji iwe barabara na njia. Ukilifuata, ekari yako inatoa viwanja saba. Ugomvi wote wa mitaa yetu, ukiuchuja, ni ugomvi wa viwanja vitatu ambavyo muuzaji hakutaka kuvikosa.

Na muuzaji mwenyewe hapati hasara anayoiogopa. Kiwanja kinachofikiwa na fuso la mchanga hakiuzwi bei sawa na kile ambacho tofali zake hubebwa kwa mkokoteni. Aliyeuza kumi bila njia huwa ameuza vya nyuma kwa bei ya kutupa. Wanunuzi wa nyuma ndio wanaolipa baadaye: boza la maji haliwafikii, gari la majitaka haliwafikii na choo kimejaa, na mama mwenye uchungu anapakiwa kwenye bodaboda usiku akishikiliwa na mumewe.

Mkitaka ushahidi msiende mbali, pandeni daladala mshuke Sinza. Katika miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja katika maeneo yaliyokuwa wazi: Sinza, Kijitonyama, Mikocheni. Wakati huohuo Manzese, ambako watu walikuwa wamekwisha kujenga, iliboreshwa hivyohivyo ilivyokuwa, kwa kupenyeza barabara na maji katikati ya nyumba. Waliochora Sinza hawakujua kwamba ingejaa baa, maduka, hosteli na maghorofa. Makadirio ya aina hiyo hayakuwepo. Barabara zake nyingi zilikaa vumbi miaka mingi. Lakini nafasi ilikuwepo, na kila jipya lilipokuja lilipata pa kupita. Mwaka 2021 wataalamu wa uchumi walichapisha utafiti uliolinganisha maeneo ya aina hizo mbili katika miji saba ya Tanzania, wakakuta kwamba palipopimwa kabla ya watu kujenga, nyumba ni bora na ardhi ina thamani zaidi, miongo kadhaa baadaye. Wala msiwadharau watu wa Manzese kwa hilo. Watu ni walewale; kilichotofautiana ni kipi kilitangulia, kamba ya kupimia au tofali.

Jiji letu lilichorewa mipango kabambe mwaka 1949, 1968 na 1979. Baada ya hapo likakaa miongo mitatu na zaidi bila mpango kabambe mpya, mpaka ulipokuja ule wa 2016 hadi 2036. Katika kipindi hicho watu waliongezeka mara tano. Mradi wa Viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002, ulipima maeneo kama Bunju, Mbweni, Kibada na Buyuni, na anayepita huko leo anaiona tofauti kwa macho. Lakini viwanja elfu ishirini katika jiji lililoongeza karibu watu milioni mbili kwa miaka kumi ni tone. Sehemu kubwa iliyobaki tuliikata wenyewe, kwa hatua za miguu, mbele ya mjumbe na mashahidi. Kwa hiyo msiseme mipango miji ni ya wizara peke yake. Kila aliyeuza kipande cha shamba amechora mji.

Nina maonyo mawili kuhusu kuacha njia, maana hata jambo jema lina namna ya kuharibika.

La kwanza, njia iliyo kwenye karatasi tu haijaachwa. Mwaka 2017 nyumba nyingi kuanzia Kimara hadi Kiluvya zilivunjwa kwa sababu zilikuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, yaani ukanda uliotengwa kwa ajili ya barabara, ambao huko ulihesabiwa mita 121.5 kila upande. Mkiuliza nani alikuwa na haki mtabishana hadi alfajiri, na mahakamani kesi zilikwenda. Mimi nalitazama kwa jicho la mshika mnyororo: hifadhi pana namna ile, watu wakajenga ndani yake nyumba, maduka na nyumba za ibada, wakaishi miaka, wakawekewa umeme. Mpaka usioonekana chini hauheshimiwi na mtu, na siku ukikumbukwa unakumbukwa kwa greda. Njia mnayoiacha ipigeni bikoni, zile alama za mpaka zinazosimikwa ardhini. Pandeni miarobaini kwenye kingo zake. Ipiteni kila siku, hata kama njia ya mkato ipo, ili nyayo zenu ziwe ushahidi.

La pili, msiwafunge watu kwa ndoto kubwa. Mwaka 2008 ulitangazwa mpango wa mji mpya wa Kigamboni. Michoro ilikuwa mizuri. Wakazi wakakaa miaka wasijue wajenge au wasubiri, watie bati jipya au waache. Mji ule haukujengwa kama ulivyochorwa. Watu wakazidi kwenda kwa sababu nyingine, hasa Daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka 2016. Kwa hiyo mkiomba mtu aache ardhi kwa ajili ya kesho, ombeni kidogo, ombeni mapema, na mwambieni mwisho wake uko wapi. Ukanda wa mita kumi na mbili wenye bikoni ni mzigo unaobebeka. Kata nzima iliyoambiwa isubiri ni dhuluma, hata kama hesabu za watu zilizotumika ni sahihi.

Sasa ya kufanya. Najua wengi wenu mnanunua huko mbele: Mapinga, Vikindu, Visiga, Kisarawe. Huko kuko kama kulivyokuwa kwetu zamani, kwa hiyo huko ndiko wosia huu una kazi.

Mnapoandikiana mkataba wa mauziano, mnaandika mipaka minne: kaskazini fulani, mashariki fulani. Msikubali karatasi isiyo na upande hata mmoja ulioandikwa barabara, na upana wake kwa mita. "Kusini: barabara, mita 12." Maneno hayo machache yakigongwa mhuri wa serikali ya mtaa au ya kijiji yatawasemea siku muuzaji na mashahidi wote hawapo.

Upana msiukisie. Mita kumi na mbili nimeitaja makusudi: mita sita za magari mawili kupishana, mita moja na nusu ya mtaro kila upande, na mita moja na nusu ya waendao kwa miguu kila upande. Wengi hukata mita nne wakidhani barabara ni magari. Kisha masika inakuja, maji hayana pake, yanashika katikati, na baada ya misimu michache mna korongo lenye jina la mtaa. Huku kwetu kwenye miinuko ya mchanga mmeliona wenyewe. Nguzo za umeme na bomba la maji navyo vinataka pa kukaa.

Njia itokee upande wa pili. Jirani akikata yake, nendeni kwa heshima mkaongee ikutane na yenu, hata ikibidi mpinde kidogo. Njia inayoishia ukutani ni uwanja mrefu wa watoto kuchezea. Tena njia nyingi za wastani zinazoungana zinafaa kuliko moja pana ambayo kila mtu lazima aifikie. Bodaboda, bajaji na mwenda kwa miguu wanatafuta njia ya karibu, na wao ndio wengi kuliko wenye magari.

Jueni barabara ni ya nani. Kuu na za mkoa ziko kwa TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilizipanulia hifadhi kutoka mita 45 hadi 60, thelathini kila upande kutoka katikati. Za mitaa na vijiji, tangu mwaka 2017, ziko kwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Kabla hujanunua kando ya barabara yoyote, nenda ukaulize hifadhi yake inaishia wapi, na utoe tepu uipime wewe mwenyewe.

Mwisho katika hayo, jihesabuni. Sensa huja kila baada ya miaka kumi, na mtaa unaweza kugeuka katikati. Anayetaka kujua watu watakaokuja asihesabu nyumba zenye taa tu. Ahesabu misingi iliyosimama, matofali yaliyopangwa chini ya mwembe, na mashamba yaliyokwisha kuuzwa vipande. Hao wote ni majirani ambao hawajahamia. Tazameni na mita mpya za umeme na watoto wa darasa la kwanza, lakini dalili moja isiwatoshe. Mwaka 2016 elimu bila malipo ilipoanza, madarasa ya kwanza yalifurika nchi nzima. Wengi walikuwa watoto waliokuwepo tayari, wamekaa nyumbani. Dalili zikikubaliana mbili tatu, nendeni kwenye mkutano wa mtaa mkiwa na daftari, maana kiongozi hukipuuza kilio lakini huogopa hesabu iliyoandikwa.

Nimesema ya wengine, sasa niseme ya kwangu.

Shamba langu la mwembe mkubwa lina mita sitini kwa mia mbili. Dalali amekwisha kunambia linatoa viwanja thelathini. Mimi nausia hivi: katikati yake, kwa urefu wote, ipite barabara ya mita kumi na mbili, na katikati ya urefu huo ikatwe njia ya mita kumi kwenda kwa majirani wa pande zote mbili. Vitabaki viwanja ishirini vya mita kumi na tisa kwa ishirini na nne, kila kimoja kikitazama barabara. Ardhi ya njia haifiki robo ya shamba. Dini yetu imeniruhusu kuusia hadi thuluthi ya mali yangu kwa wasio warithi, na mimi warithi wa kipande hicho nimewachagua: ni kila atakayepita. Naiweka iwe sadaka yenye kuendelea. Atakayepitisha maiti, harusi, mgonjwa au gunia la mkaa, thawabu yake nataka kuipata nilipo.

Asitokee mmoja wenu akasema njia hiyo ni pana mno kwa watu tulionao. Haikupimwa kwa watu tulionao. Wala asiseme tusubiri mpaka tujue watakuja wangapi. Hatutajua. Mimi nimeona sensa na mipango ikipishana, na kila mara aliyeacha nafasi alilala usingizi.

Shekhe atawaeleza kwamba mtu akifa hulipwa kwanza madeni yake, kisha hutekelezwa wosia wake, ndipo mirathi igawanywe. Fuateni mpango huohuo ardhini. Mwiteni mwenyekiti wa mtaa na mpima mwenye leseni, bikoni za njia zisimikwe na muhtasari uandikwe. Baada ya hapo, na si kabla, gawaneni kilichobaki.

Babu yenu.